Karani wa Mizani

Msimu ukifunguliwa Newala nzima hunuka mabibo,
nami nakaa nyuma ya mizani, ghala la chama,
kalamu sikioni, daftari mapajani.
Mkulima anatua gunia. Nasoma. Naandika.
Natoa kilo moja, uzito wa gunia tupu,
maana hakuna alipwaye kwa gunia.

Daraja la kwanza, daraja la pili.
Nyeupe, isiyo na doa, iliyokauka vema,
hiyo ndiyo yenye bei.
Sikufundishwa hayo ghalani.
Niliyajua darasa la sita, waliponiita Gunia,
mwalimu naye akacheka, kidogo tu,
kisha akakohoa kuficha.
Nikayajua tena kwa fundi Mchopa, sare za harusi ya Esha,
futi kiunoni mwangu, sauti yake hadi barabarani:
"Huyu mita nne hazimtoshi!"

Basi nikaanza kujipunguza.
Kwanza sukari. Halafu ugali wa jioni.
Halafu kila kilichonukia vizuri.
Chakula changu cha mchana anakula Bushiri mpagazi.
Ananishukuru. Anadhani ni ukarimu.

Saa kumi na moja, wakulima wakishaondoka,
nafunga mlango, navua viatu, navua hata hereni,
napanda.
Mshale unarudi nyuma kidogo, kila juma kidogo.
Nimeandika yote kwenye daftari la chama,
ukurasa wa mwisho, pasipo jina la mkulima.

Mtaani nako wana mizani yao.
Juzi Gunia, leo "Sikudhani, una nini?"
una nini isiyosubiri jibu.
Wanavuta khanga midomoni,
wanautaja ugonjwa kwa kutoutaja.
Mama kaenda Kitangari kwa mganga, karudi na hirizi.
Nikaivaa.
Nikaivua kabla ya kupima,
isije ikaongeza.

Na baridi! Hakuna aliyeniambia habari ya baridi.
Mwezi wa kumi, jua la kupasua maganda,
mimi na sweta.
Nywele zinabaki kwenye kitana.
Na humu kichwani kuna karani mwingine,
halali, hali rushwa,
kila tonge analiandika.

Jumatatu Zamoyoni, mshona magunia, alisahau sindano.
Akasukuma mlango, akanikuta juu ya mizani,
pekupeku, hereni kiganjani.
Sikupata uongo wa haraka.
Hakuuliza kitu. Alivua kandambili, akapanda nyuma yangu,
tumbo lake la uzazi wa wanne likanigusa mgongo,
la moto kama chungu.
Mshale ukayumba.
"Soma, karani."
Mia moja kumi na tisa.
"Haya. Zangu zipi, zako zipi?"
Hesabu niliijua. Sikuitoa.

"Mwaka aliofariki Mfaume wangu," akasema, akitafuta sindano,
"sikuwa naona njaa. Nilikuwa naona ukuta tu.
Alhamisi kuna nesi pale hospitali ya wilaya, chumba cha mwisho.
Anasikiliza. Hakupimi kwanza."
Akaipata chini ya meza, akaichomeka kwenye kilemba,
akaenda zake.

Sijui kama nitakwenda. Usiniulize.

Leo kaleta ming'oko kwenye bakuli la plastiki,
chumvi na pilipili pembeni,
akalitua juu ya daftari, juu hasa ya ule ukurasa.
Nimemenya mmoja.
Nimeutafuna taratibu, taya zikiuma kwa kukosa mazoea,
na yule karani wa ndani ananoa kalamu.
Nikaumaliza.
Wa pili nimeutia mfukoni,
sijui ni wa kutupa au wa baadaye.

Nje mtu anagonga, gunia begani.
Mfuko wa sweta bado una joto.